Dhihaka kwa Niaba ya Mti

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora taswira, naye akamhadharisha na kutaswiri vyenye roho, kisha akamwachia mlango mmoja: achore miti. Habari hiyo ilinijia Stockholm, katika maktaba ya vibonzo iitwayo Serieteket, nilipokuwa nikiwatafakari wachoraji wa Puss, gazeti la chinichini lililotoka tangu 1968 hata 1974, akina Lars Hillersberg na Lena Svedberg, waliowachora wakubwa wa siasa na mali kwa sura za kutisha na kuchekesha pamoja. Katika miaka hiyo hiyo, mwezi wa Mei 1971, baraza la mji lilipotaka kuikata miti iitwayo alm kwa Kiswidi katika bustani ya Kungsträdgården ili upatikane mlango wa stesheni ya reli ya chini ya ardhi, watu waliizunguka usiku, wengine wakaikwea, mpaka misumeno ikarudi nyuma, na miti ikabaki na majeraha yake. Stesheni ilifunguliwa 1977, na mlango wake ukawekwa pengine. Mwaka mmoja kabla ya usiku huo, huko California, mchapishaji Ron Turner alikuwa amekwisha kutoa Slow Death, kitabu cha vibonzo cha kutetea ardhi.

Sasa, ikiwa Kurani inakataza watu kuwadhihaki watu, je, yafaa mchoraji amdhihaki mwanadamu kwa ajili ya mti usio na roho? Naona yafaa, walakini kwa kiasi. Mti haukukalifishwa sheria, wala hauwezi kutenda dhambi. Mwenye kukalifishwa ni yule aliyekabidhiwa ardhi kuwa amana, na kwa hiyo kalamu inayoitetea miti haina budi kumchora mtu. Tena maulamaa, naye Nawawi ni mmoja wao, wamemruhusu aliyedhulumiwa kumtaja dhalimu wake, ambapo kwa wengine ingekuwa ni kusengenya. Na mdhulumiwa asiye na ulimi, sioni insafu ya kumnyima wakili.

Lakini wakili hupewa kesi tu, hapewi ruhusa ya kila neno. Kitendo cha mtu chaweza kuchekwa. Umbo alilopewa na Muumba wake si sehemu ya shtaka. Puss waliuruka mpaka huo mara nyingi, khasa katika kuchora miili, nami sidhani kuwa miti ya Kungsträdgården iliwatuma hata hayo.