Nani Aliuona Wekundu Ule?

Picha yangu ya nebula ya Carina haikupigwa mara moja. Ni picha 400 nilizozipiga Nyololo usiku mmoja wa Juni, kila moja ya sekunde sita, kwa kamera ya mtumba niliyoifunga kwenye stendi ya miguu mitatu nyuma ya banda la kuku. Ukizijumlisha unapata dakika 40 za nuru. Baadaye programu ya kompyuta ilizilaza moja juu ya nyingine, ikazipanga mpaka nyota zikakutana, ikatafuta wastani wa kila nukta. Kisha mimi nikaongeza mwanga, nikaondoa weusi uliofifia wa anga, nikakoleza rangi. Kilichotoka ni wingu jekundu lililokatwa katikati na michirizi myeusi ya vumbi. Usiku ule, nikiwa nimesimama palepale, sikuona wekundu wowote.

Je, picha hiyo ni ya kweli? Nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, mahali ambapo taa zimebakiza nyota za kuhesabu, kwa hiyo burudani hii naifanya likizo, ninapokwenda Mufindi kwa ndugu zangu. Swali lenyewe, hata hivyo, haliishi likizoni. Kila mmoja wetu sasa ana simu inayopiga picha na kuzirekebisha kabla hajaziona. Wapiga picha za anga wameishi na tatizo hilo kabla yetu, na nadhani wana kitu cha kutufundisha.

Tuanze na sababu ya kupiga mara 400. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu bila mtambo wa kuzifuata nyota, kila nyota inageuka mstari. Kwa lenzi yangu, sekunde sita ndiyo mwisho. Lakini sekunde sita ni nuru kidogo mno, na kamera yenye njaa ya nuru hujaza pengo kwa chengachenga, kama zile za televisheni ya zamani isiyoshika mawimbi. Picha moja peke yake ni shahidi mlevi: ameona kitu, ila anachanganya na mengine.

Sasa waite mashahidi 400. Kila mmoja anachanganya kwa namna yake, kwa hiyo makosa yao hayafanani, na ukitafuta wastani yanafutana. Kile walichokiona kwa pamoja kinabaki. Hesabu yake inajulikana: ubora huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 400 husafisha mara 20 kuliko moja. Wapo pia mashahidi wenye uongo wa kudumu, nukta za kamera zinazowaka kila mara mahali palepale hata pasipo na kitu. Hao hawafutwi na wastani. Dawa yake ni kufunika lenzi kwa kifuniko na kupiga picha nyingine za giza tupu, ili ujue kamera inasema nini wakati haioni chochote, kisha ukautoe uongo huo kwenye picha zako. Sijui fani nyingi zinazomtaka mtu aanze kwa kupima uongo wa chombo chake mwenyewe.

Kwa hiyo nilijiona nina hoja nzito mkononi nilipomwonyesha mama mkubwa picha hiyo kesho yake, tukiwa jikoni tunaota moto. Aliitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Haya mekundu uliyaona mwenyewe?"

"Hapana, mama. Jicho haliwezi."

"Basi nani aliyaona?"

Nilianza kumweleza habari za mashahidi, akanisikiliza kwa adabu, akasonga ugali. Usiku nilimwomba atoke nje. Alijifunika blanketi mbili, maana baridi ya Nyololo mwezi wa sita haina mchezo. Nikamwonyesha Msalaba wa Kusini, nikamwambia asogeze macho kulia kidogo. Akaona ukungu mdogo wa kijivu, kama pumzi kwenye kioo. "Ni hicho tu?" Ni hicho tu.

Jibu la haraka ni kusema kwamba ukungu wa kijivu ndio ukweli na wekundu ni mapambo. Jibu hilo linamwamini jicho kupita kiasi. Toka nje usiku bila taa ukiwa umevaa kitenge chekundu: utakiona cheusi au kijivu, kwa sababu sehemu ya jicho inayotambua rangi hailishwi vya kutosha na nuru hafifu. Kitenge hakijaacha kuwa chekundu. Nebula ya Carina ni hidrojeni iliyochochewa na nyota kali zilizomo ndani yake, na hidrojeni ya namna hiyo hutoa nuru nyekundu, iwe kuna jicho la kuipokea au hakuna. Nuru hiyo ilisafiri zaidi ya miaka 7,000 ikiwa nyekundu. Ilipofika Nyololo ilikuta macho yetu ni dhaifu.

Tena jicho si shahidi asiye na mawazo yake. Mwaka 1894 Mmarekani Percival Lowell alijenga kituo cha kutazamia anga huko Flagstaff, Arizona, akatumia miaka mingi kuchora mifereji aliyoiona kwenye sayari ya Mirihi. Aliamini imechimbwa na viumbe wenye akili waliokuwa wakisafirisha maji. Hakuwa tapeli. Aliona madoa hafifu yanayotetemeka kwenye darubini, na akili yake ikayaunganisha kwa mistari. Mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha za mashimo ya vimondo, mifereji haikuwepo. Upande wa pili, mwaka 1883 Mwingereza Andrew Common alipiga picha ya nebula ya Orion iliyoonyesha nyota ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona kwa jicho, hata kwa kutumia darubini ileile. Nazo zipo. Mtu aliona kisichokuwepo, kamera ikaona kilichokuwepo.

Kwa hiyo "nani aliyaona?" haiwezi kuwa na maana ya "jicho la nani?" Naielewa hivi: kila kilichomo kwenye picha hii kimetoka wapi? Nikiulizwa hivyo, naweza kujibu nukta kwa nukta. Wekundu ulitoka kule. Kiasi cha wekundu nilikichagua mimi, kama mpishi anavyochagua chumvi. Michirizi myeusi ni vumbi lililokinga nuru. Hata picha maarufu ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995, ile ya nguzo za gesi kwenye nebula ya Tai, inapita mtihani huu, ingawa rangi zake zimepangwa na watu: salfa ikapewa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ni kama ramani ya Afrika darasani. Hakuna mwanafunzi anayedhani udongo wa Zambia ni wa rangi ya chungwa.

Mtihani huu huu una picha zinazoushindwa. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa simu za Samsung alichukua picha ya mwezi, akaififisha kwa makusudi mpaka mashimo na mabonde yakapotea, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa za chumba na kukipiga picha kioo hicho kwa simu yake akiwa mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo na mabonde. Hayakuwepo mbele ya lenzi. Kampuni ilieleza kwamba simu hutumia akili mnemba kuutambua mwezi na kuboresha maelezo yake. Kwa maneno mengine, ilijua mwezi unavyopaswa kuonekana, ikakamilisha.

Utasema: lakini mwezi uliotoka si ndio mwezi wenyewe? Ni kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua. Picha inaweza kufanana na kitu halisi bila kuwa ushahidi wa kitu hicho. Mwanafunzi aliyenakili jibu sahihi kwa jirani yake ana jibu sahihi, ila karatasi yake haituambii kama anajua. Kama usiku huo kimondo kingeugonga mwezi na kuacha shimo jipya, kamera yangu mbovu ingekuwa na nafasi ya kulipata. Simu inayojua mwezi kwa kukariri ingeweza kulifuta.

Kwa mwezi hasara ni ndogo, kwa kuwa mwezi ni mmoja na unatazamwa na watu wote. Hasara ninayoiogopa iko sebuleni kwa mama mkubwa.

Ukutani pale kuna picha ya baba mkubwa, marehemu, amevaa suti ya buluu na tai nyekundu, nyuma yake mawingu meupe. Hakuwahi kumiliki suti. Uso ulitolewa kwenye kadi yake ya mpiga kura, na fundi wa studio akaupandikiza kwenye mwili wenye suti siku mbili kabla ya mazishi, ili pawepo na kitu cha kuweka mbele ya jeneza. Wengi wetu tuna picha kama hiyo nyumbani. Kwa mtihani wangu ni picha chafu kabisa: shingo kwenda chini hakuna kitu kilichotoka kwake.

Likizo iliyofuata, mjukuu wake wa miaka sita, aliyezaliwa babu akiwa ameshafariki, alimuuliza, "Bibi, suti ya babu iko wapi?" Mama mkubwa hakusita. "Suti ni ya studio. Uso ndio wa babu yako." Mtoto akataka kujua babu alikuwa anavaa nini basi. Akaelezwa habari za koti la kijani la kazini, la kwenye mashamba ya chai, lililochanika kwapani na kushonwa kwa uzi wa njano.

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya vitabu kadhaa nilivyosomeshwa kuhusu maadili. Picha ile haikumdanganya mtu yeyote msibani, kwa sababu wote walijua. Ilianza kuelekea kwenye uongo siku alipozaliwa mtu asiyejua, na ikarudishwa kwenye ukweli kwa sentensi mbili. Kwa hiyo uaminifu wa picha hauko kwenye nukta zake peke yake. Uko pia kwa mtu anayeweza kusimama kando yake na kusema: hiki kimetoka kwake, hiki tumeongeza.

Kisha ndugu mmoja mwenye simu nzuri akaichukua ile picha ya kadi, ambayo ina ukungu, akaipitisha kwenye programu ya kusafisha picha za zamani. Ikatoka safi ajabu: kope moja moja, mng'ao wa macho, mikunjo ya midomo. Mama mkubwa aliishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu si yeye," akasema. Ndugu yetu alimwambia kwa upole kwamba amezoea tu ile yenye ukungu. Ilikuwa imeshafika kwenye grupu la familia, na mtoto anaipenda kuliko ile ya ukutani.

Hapa hakuna mtu anayeweza kuchora mstari kama wa suti na uso. Ukungu wa kadi ulikuwa wa kweli. Yale macho yametengenezwa kwa wastani wa macho ya watu wengine wengi. Picha yangu ya Carina nayo ni wastani, lakini wa mashahidi 400 waliotazama kitu kimoja. Ile ni wastani wa mashahidi ambao hawakuwahi kumwona baba mkubwa. Na mtoto hana pa kwenda kuhakiki.

Nakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, maelfu ya watu walipokusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kutazama jua likiwa pete. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa amelielimishia taifa jambo hilo kwa muda, lakini siku yenyewe hakuna aliyehitaji kumwamini mtu. Ulivaa miwani maalumu, ukainua kichwa. Vitu vingi tunavyoonyeshana havina Rujewa yake. Nebula haina. Marehemu hana. Kadiri mtazamaji anavyoshindwa kwenda kuhakiki, ndivyo deni la anayeonyesha linavyokua, na deni hilo halilipwi kwa kuacha kurekebisha picha. Linalipwa kwa kurekebisha kwa namna ambayo ukiulizwa "hiki kimetoka wapi?" bado una jibu. Programu ile haikuwa nalo, na wala ndugu yetu hakuwa nalo.

Picha ya Carina nimeisafisha Mafinga na kumpelekea mama mkubwa nakala. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu: "Nyololo, Juni. Picha 400 za sekunde sita. Wekundu ni wa hidrojeni, upo, nimeukoleza. Kwa macho yetu palikuwa na ukungu wa kijivu tu." Nimeacha nafasi chini, kwa sababu ameniomba nimwandikie na nyuma ya ile ya suti, na bado anatafuta maneno.