Wanangu, Shira Si Maji

Wanangu mnaopika kashata na mabuyu ya kuuza hapa Eldoret, nawaona mkiipuuza shira, nami moyo haunitulii.

Hapa kwetu, mita 2,100 hivi juu ya bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 93. Mombasa ni 100. Lakini sukari ikishayeyuka, joto halikomei hapo. Kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke ndivyo shira inavyokuwa nzito na kuzidi kupanda moto, mpaka ivuke 140, pale inapokuwa tayari kuganda na kuvunjika. Basi mapishi ya simuni yakiwaambia 150, ninyi toeni 7. Mkingojea kipimo cha watu wa pwani, shira itakuwa imepita, inanyemelea kuungua na kuwa chungu. Kama hamna kipimajoto, dondosheni tone kwenye bakuli la maji baridi: likibonyea, bado, likivunjika kwa mlio, ipueni.

Sukari ikishayeyuka yote, wekeni mwiko chini. Punje iliyoshika ukingoni mwa sufuria ikirudi ndani huvuta wenzake, na shira nzima huwa chengachenga. Kamulieni ndimu kidogo tangu mwanzo. Ukali wake huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari mbili nyepesi, na hizo huizuia sukari iliyobaki kujipanga. Rangi ya mabuyu nayo itieni mapema, shira ingali na maji mengi. Mkiimimina mwishoni, maji yake hugeuka mvuke papo hapo na shira hurukia nyuso zenu.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaenda zake. Shira hunata, na huendelea kuunguza pale pale iliponata. Msionje kwa kidole. Mtoto asikae karibu na jiko, hata kama analilia kukwangua sufuria.

Shira ikimwagika mkononi, kimbilieni bomba, maji yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Pete na saa vueni mapema, kabla mkono haujavimba. Msiing'oe shira iliyoshika ngozi, itatoka na ngozi yenyewe. Yaachieni maji yaiyeyushe. Unga, siagi, dawa ya meno, vyote wekeni mbali. Malengelenge yakitokea, au aliyeungua akiwa mtoto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kashata za oda hazijakatwa.