Kukaa Kitako, Kukaa Newtown

Mswahili akitaka kujua mwenziwe anaishi wapi, humuuliza anakaa wapi. Kitenzi hicho hicho ndicho kinachotaja tendo la kujiweka kitini, na ndicho kilichozaa makao, makazi, mkao na kikao. Lugha haikukosea kuyaunganisha: aliyekaa kitako amefika, hana haraka, ana haki ya kuwapo. Kwa hiyo daktari anapomshauri mtu wa pwani apunguze kukaa, maneno yake hufika na uzito ambao daktari mwenyewe hakuukusudia.

Newtown ni mtaa wa Birmingham, kaskazini kidogo ya katikati ya jiji, uliojengwa upya kwa maghorofa katika miaka ya 1960 na kupasuliwa na barabara ya A34. Chukulia dereva wa teksi anayekaa huko. Kwa siku yuko nyuma ya usukani muda wa saa 10, na akirudi nyumbani mgongo humkataza hata kuinama kuvua viatu. Anaambiwa ainuke kila baada ya nusu saa. Ainukie wapi, ilhali abiria ana ndege ya kuwahi na mapato ya siku hayajatimia? Ushauri usiofuatika ni ushauri kweli, au ni lawama iliyovaa koti jeupe?

Jibu moja lilikuwamo ndani ya mabasi tangu zamani. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa wafanyakazi wa usafiri wa London. Madereva, waliokaa kutwa, waliugua maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Miaka mitatu baadaye Morris mwenyewe alitia shaka yenye manufaa: vipimo vya sare vilionyesha kwamba hata madereva vijana walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta, kwa hiyo huenda tofauti nyingine walikuja nayo kazini. Hata hivyo jambo moja halitikisiki. Kondakta hakupanda ngazi kwa kuipenda afya yake. Alipandishwa na kazi. Leo basi linalopita A34 lina mtu mmoja tu, naye amekaa. Kondakta aliondolewa ili kuokoa mishahara, na ngazi zake zikaondoka naye.

Isidhaniwe kwamba kiti ndicho adui. Mwaka 1899 ilitungwa sheria nchini Uingereza iliyowalazimu wenye maduka kuweka kiti kimoja kwa kila wanawake watatu waliouza dukani, kwa kuwa walisimamishwa kutwa nzima. Wale walihitaji sheria ili wakae; dereva wa Newtown angehitaji sheria ili asimame. Wote wawili wananyimwa kitu kimoja, nacho ni amri juu ya mkao wa miili yao.

Kuna ushahidi mwingine kutoka karibu na nyumbani. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walieleza maisha ya Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania. Watu hao, wanaosifiwa kwa uwindaji na mwendo, walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa miji yenye viwanda. Ila sehemu ya mapumziko hayo huwa ya kuchuchumaa na kupiga magoti, na hapo misuli ya miguu yao hubaki kazini. Utafiti ule haukupima maumivu ya mgongo, na si haki kuubebesha zaidi ya hapo. Lakini unaonyesha kwamba kupumzika si lazima kuwe kukabidhi mwili wote kwa fanicha. Bibi aliyekaa mkekani akichambua mchele alilijua hilo bila kupimwa.

Hapo dereva naye anabaki na sehemu yake, maana si kila saa ya siku yake inamilikiwa na abiria. Ipo jioni. Na jioni, ajabu, kinachomrudisha kitini si tajiri wala kampuni, ni adabu. Akibisha hodi kwa jamaa, katika sebule ya ghorofa ya nane, ataambiwa karibu, kaa kitako, na sofa ni kubwa na laini kwa makusudi. Mgeni anayesimama ni mgeni mwenye haraka au mwenye kinyongo. Kukataa kiti ni kama kukataa nyumba. Mgongo wake unamwomba asimame dirishani. Heshima inamtaka azame sofani.

Mkeka upo, umekunjwa nyuma ya mlango, na hutandikwa siku ya msiba au ya maulidi tu. Kuuomba siku ya kawaida kutamwaibisha mwenyeji, kana kwamba sofa lake halitoshi. Basi anapokea kikombe cha chai akiwa wima, mkono mmoja umeshika kiuno, na mama mwenye nyumba anamtazama. "Mbona umesimama, mwanangu? Kuna neno?"

"Hakuna neno, mama. Nimekaa tangu asubuhi."