Huruma na Uchovu

Punda aliyelemazwa na maradhi yasiyopona hachinjwi, hata kama nia ya mwenyewe ni kumpumzisha. Hukumu hiyo imo katika Fat'hul Muin, kitabu cha fiqhi ya Kishafi alichokiandika Zaynuddin wa Malabar, kusini mwa India, katika karne ya 16, na ambacho wanafunzi wa dini wa pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Inamhusu kila mnyama asiyeliwa. Punda ametajwa kwa mfano tu. Mbwa hakutajwa, lakini yumo.

Niliirudia hukumu hii mara nyingi tangu dada yangu anayeishi Ipuli, hapa Tabora, aliponiuliza afanye nini na Bobi. Bobi alikuwa mbwa wa kienyeji, mwekundu, aliyezoea kufuatana na vijana wa nyumba kwenda porini kukagua mizinga ya nyuki. Miombo ya huku ndiyo makao ya mbung'o, na malale hayambagui mbwa. Jicho moja lilifunga ukungu wa buluu, uso ukavimba, mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari wa mifugo alimchoma sindano, akapona, akarudi kubweka getini. Kisha maradhi yakarudi. Tuliambiwa kwamba dawa inasafisha damu, ila vijidudu vikishaingia kwenye ubongo haivifikii. Mwishowe miguu ya nyuma ikawa inaburuzwa, mkojo unamtoka pale pale alipolala, na chakula anakipokea kidogo kidogo kutoka mkononi mwa mtoto.

Angekuwa analia usiku kucha, dada asingeniuliza. Kilichomtatiza ni asubuhi zile ambazo Bobi alisikia geti likifunguliwa, akainua kichwa, akatikisa mkia.

Nilimwuliza, "Dada, umechoka?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimechoka, kaka. Ndiyo maana naogopa kuamua."

Sijasikia maneno ya kina kuliko hayo juu ya jambo hili. Wengi wetu tungedhani kwamba mchovu huharakisha uamuzi. Yeye aliona kwamba uchovu wake umemwondolea haki ya kujiamini. Atajuaje kwamba anachokiita huruma kwa mbwa si hamu yake mwenyewe ya kulala?

Mtu wa Tabora ana sababu ya kuiogopa hamu hiyo. Mji wetu umezaliwa na msafara. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, bidhaa na watu walipita hapa kwa miguu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na kurudi, na msafara ulikuwa na mantiki yake: chakula kimepimwa, maji yako mbali, asiyeweza kutembea anawachelewesha wote. Katika mantiki hiyo mgonjwa hageuki mbaya. Anageuka mzito. Na uzito wake haupimwi kwa maumivu anayoyasikia yeye, unapimwa kwa mwendo wa wengine.

Tunajua ulikofikia uzani huo. Tarehe 19 Juni 1866, kusini ya mbali, katika njia za Ruvuma, David Livingstone alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji walimweleza kwamba alishindwa kwenda sawa na wenzake katika mnyororo, na mwenye watumwa hakutaka awe mali ya mtu mwingine iwapo angepata nguvu akapona. Hapo hapana huruma hata kidogo, na silileti tukio hili ili nimfananishe binadamu yule na mbwa. Aliyemfananisha na mnyama ni yule aliyemfunga. Nalileta kwa sababu linaonyesha wazi kabisa kifo kinachoamuliwa kwa hesabu ya anayebaki.

Hesabu hiyo inaweza pia kuvaa vazi la heshima. Mirambo, mtemi aliyeitikisa biashara ya Tabora kwa zaidi ya miaka kumi, aliugua koo kwa muda mrefu akafariki Desemba 1884. Masimulizi ya Unyamwezi yanasema mtemi akizidiwa sana hakuachwa afe kwa maradhi. Alinyongwa, maana afya ya mwili wake ilikuwa afya ya nchi, mvua na mazao. Wapo wanaosimulia kwamba Mirambo naye aliondoka hivyo. Waliofanya desturi ile hawakuwa wakatili. Walimpenda mtemi wao, na huenda walilia. Lakini swali lao halikuwa kama yeye anateseka. Swali lilikuwa kama nchi itapona.

Na mbwa wa msafara? Henry Morton Stanley aliondoka Uingereza mwaka 1874 na mbwa watano. Wa mwisho kubaki hai, Bull, alikufa Aprili 1876, Stanley akielekea kusini, muda mfupi kabla ya kukutana na huyo huyo Mirambo. Alikuwa mzee, amedhoofika, akijikokota nyuma ya watu mpaka nguvu zikamwishia. Stanley aliandika habari zake kwa mapenzi. Hata hivyo mapenzi hayakuusimamisha msafara.

Ukiyaweka mambo haya pamoja unaanza kumwelewa Zaynuddin. Alijua jinsi mwenye punda anavyofikiri. Punda akiwa na nguvu, maumivu yake hayaonekani. Mzigo unaongezwa, fimbo inaendelea. Siku akiacha kubeba, ghafla mwenyewe anakuwa mwenye huruma, anaona mnyama anateseka, anataka kumpumzisha. Sheria ikamfungia mlango: umemtumia, sasa mlishe. Katika dini inayosimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, mlango huo haukufungwa kwa kukosa upole kwa wanyama. Nadhani ulifungwa kwa kutowaamini wanadamu.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliwafundisha wanafunzi wake wa karne ya 18 jambo la karibu na hilo: mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu, akizeeka asiweze kazi, atunzwe mpaka afe. Ila Kant alisema wajibu huo si kwa mbwa mwenyewe. Anayempiga risasi mbwa mzee anaharibu ubinadamu wake, na kesho atawafanyia watu vile vile. Siwezi kumfuata hapo. Bobi alipokuwa anatetemeka juu ya gunia, kilichokuwa hatarini si tabia ya dada yangu tu. Kulikuwa na mwenye kuumia pale, na aliumia hata kama sisi sote tungebaki watu wema.

Hapo ndipo mlango uliofungwa unapoanza kunisumbua. Unamzuia mwenye punda asidanganye, na gharama ya ulinzi huo analipa punda. Yule ambaye kweli hana kilichobaki isipokuwa maumivu anaendelea kuumia ili mwingine, mwenye bwana mwongo, asiuawe bure. Wanazuoni wa Kihanafi waliliona hilo, na wapo kati yao walioruhusu mnyama asiye na matumaini apumzishwe. Mimi naegemea upande wao, lakini sitaki kuuacha ule wasiwasi wa Kishafi nyuma. Mlango ukifunguliwa, lazima awepo wa kuulinda, na mlinzi wa pekee niliyempata ni swali ambalo mwamuzi anajiuliza mwenyewe.

Nilimwambia dada: jaribu kuuondoa uzito wako wote. Fikiria una fedha ya dawa, una mtu wa kumgeuza usiku na kumsafisha, una muda wote wa dunia, na kumtunza hakukugharimu hata shilingi. Je, bado ungemwombea Bobi kifo? Kama jibu ni ndiyo, unachokisikia ni huruma. Kama jibu ni hapana, basi anayesema ni uchovu, au ufukara, na ni haki vitajwe kwa majina yake.

Hapo nina haja ya kusema neno, kwa sababu swali hili linaweza kuwa katili kwa maskini. Iko nyumba ambayo sindano ya mbwa ni daftari na sare za mtoto. Mama wa nyumba hiyo akiamua mbwa asiendelee kutibiwa hajatenda uovu, na sitakaa na kitabu cha Kant mapajani nikamhukumu. Ninachokiomba ni kwamba asilazimishwe kusema mbwa alikuwa hana maisha tena, ikiwa kweli ni kwamba fedha hazikutosha. Uwongo huo unamnyang'anya haki ya kusikitika kwa jambo lililotokea hasa. Na jirani anayeusikia anajifunza kuupima uhai wa mnyama kwa kipimo kibovu, akidhani ni cha huruma.

Mpwa wangu, binti aliyekuwa akimlisha Bobi kwa mkono, alitusikia. Akauliza, "Mjomba, yeye mwenyewe anataka?" Sisi wakubwa tuna methali ya kumnyamazishia mtoto: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni upole. Usimchoshe kwa maswali, mpikie tu. Lakini methali ile inafaa kwa uji. Uji ukiukosea, mgonjwa atausukuma kando, na kesho utapika mwingine. Kifo hakisukumwi kando. Kadiri jambo lisivyoweza kurudishwa ndivyo tunavyowiwa kutafuta jibu la mwenyewe, hata kwa asiyesema.

Na mbwa ana namna yake ya kujibu, mradi asiulizwe maswali ya kibinadamu. Hajui neno kesho. Hawezi kuvumilia maumivu ya leo kwa ajili ya harusi ya binti mwezi ujao, kama mgonjwa wa kibinadamu anavyoweza. Kwake mateso hayana maana yoyote ya kuyapunguza makali. Vilevile hawezi kuogopa aibu ya kuogeshwa, ambayo sisi tunaiogopa kwa niaba yake. Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na iwapo siku njema zinazidi mbaya. Kila moja linapewa alama hadi 10, na jumla ikipita 35 mnyama anahesabiwa kuwa na maisha ya kutosha. Jumla hainivutii sana. Mbwa asiyeweza kuvuta pumzi haokolewi na alama za usafi. Lakini lile la saba ni zito. Dada alianza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani kila jioni, na binti ndiye aliyekuwa shahidi wake. Kalenda ina faida moja kubwa: inamkumbuka Bobi wa siku zote, wakati sisi tulikuwa tunamkumbuka wa asubuhi hiyo tu.

Wapo waliomshauri amwachie Mungu. Naliheshimu neno hilo likitoka kwa mtu anayekesha na mgonjwa. Mara nyingi nimeliona likitumika na watu ambao tayari wamekwisha kumhamishia mbwa nyuma ya choo ili wasimwone. Mbwa asiye na miguu hawezi kwenda kutafuta maji wala kivuli. Kila siku anayoishi ni kwa uamuzi wa aliyemletea bakuli, na siku bakuli lisipoletwa, hilo nalo limeamuliwa na mtu.

Upo pia ugumu ambao vitabu vya falsafa haviugusi: huruma inahitaji vifaa. Kwa daktari mwenye dawa sahihi, mnyama analala kwanza, fahamu zinamtoka kwa sekunde chache, kisha moyo unasimama. Lakini katika vijiji vingi vya magharibi, kazi ya afisa mifugo ni ng'ombe, na dawa hiyo haipo dukani. Kinachopatikana ni kamba, rungu, au sumu ile ya kuulia mbwa wazururao, strikinini, inayokaza misuli yote huku mnyama akiwa na fahamu zake. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayokataza mateso. Mtu anayemlisha mbwa wake mgonjwa sumu hiyo kwa jina la kumpumzisha amebadilisha mateso marefu kwa mateso makali, na nia yake njema haipunguzi hata dakika moja ya hayo. Ikiwa njia pekee iliyopo ni hiyo, naona hukumu ya punda inashinda: mpe maji, mgeuze, mfukuzie nzi.

Kwa Bobi njia ilikuwepo. Siku mbaya kwenye kalenda zilipokuwa zimefuatana, na mkono wa binti ukawa unarudi na chakula kile kile, dada alijiuliza tena lile swali la kuondoa uzito. Jibu lake lilikuwa ndiyo. Daktari akaitwa nyumbani, dada akakaa karibu na Bobi mpaka mwisho; alisema aliyeamua hana ruhusa ya kutoka nje.

Siku chache baadaye alinipigia simu akiwa na hofu mpya. Alikuwa amelala usiku kucha, mwili ukapata nafuu, na nafuu ile ikamtia hatia: kama nimefaidika, je, sikuamua kwa ajili ya faida? Nilimjibu kwamba faida inayokuja nyuma ya tendo haiwezi peke yake kuwa ushahidi wa nia iliyolitangulia. Mwenye watumwa wa Ruvuma angebaki mwuaji hata kama kifo kile kingemtia hasara. Dada naye angemwita daktari hata kama kwa kufanya hivyo angeongezewa kazi. Hilo tulikwisha kulipima pamoja, akiwa bado amechoka na bado hajui jinsi atakavyolala.