Sura ni Yake, Ufanano ni wa Wawili

Miongoni mwa wapiga picha kuna imani kwamba ukitaka ukweli wa picha, urudi kwenye faili ghafi. JPEG ni chakula kilichokwisha kupikwa na kupakuliwa; faili ghafi ni kapu lililotoka sokoni, kila kitu kimo na hakijaguswa. Ninapiga picha za harusi na sendofu ili kulipia shahada ya uzamili, na swali hili limekuwa likinisumbua: humo ndani kuna ukweli gani hasa?

Rangi, kwa kweli, haimo. Kihisi cha kamera huhesabu mwanga tu. Hakijui nyekundu wala buluu. Ndiyo maana juu yake huwekwa vichujio vidogo vidogo, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila nukta hupima rangi moja, na nyingine mbili hukisiwa na programu kwa kuangalia nukta za jirani. Kisha kuna mizani ya weupe. Kanzu chini ya balbu ya zamani hurudisha mwanga wa manjano, lakini macho yetu huisamehe, tukaiona nyeupe. Kamera haina huruma hiyo. Lazima iambiwe kipi kihesabiwe cheupe. Kwenye faili ghafi uamuzi huo ni maelezo yaliyoambatishwa pembeni tu. Unaweza kuubadilisha hata baada ya miaka kumi bila kugusa hesabu za mwanga.

Basi kama hakuna rangi ya asili, je, kila rangi ni halali? Bibi harusi akiniambia, "Kaka, ning'arishe kidogo," nimkatalie kwa msingi gani? Rafiki yangu ninayesoma naye anasema sina msingi wowote. Wewe unachagua, mwache naye achague, maana sura ni yake. Hoja hiyo si nyepesi.

Wapo waliojaribu kuukwepa uchaguzi wenyewe. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka mafaili ghafi, bali JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Sababu zilikuwa maadili na kasi. Nia naielewa. Lakini JPEG ya kamera nayo imeamuliwa; aliyeamua ni mhandisi, siku nyingi kabla wewe hujaiwasha.

Na maamuzi ya namna hiyo yana historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Akionekana vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameandika kwamba Kodak ilisukumwa kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu zake na malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Mbao na chokoleti zilisikilizwa. Nyuso zetu zilidandia.

Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya kamera. Lakini rafiki yangu naye amepitwa na jambo moja. Faili ghafi halina rangi, ila lina uwiano. Mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu, mpaka kihisi kijae. Faili la biti 14 lina ngazi 16,384 za kutunza tofauti hizo. JPEG ina 256 kwa kila rangi. Linakumbuka nani alikuwa na mwanga zaidi ya nani, na kwa kiasi gani. Ukumbi ukiwa na giza, nikiinua mwanga wa picha nzima, wote wanainuka pamoja. Nikibadilisha mizani ya weupe, kanzu, keki na nyuso zinasogea pamoja. Programu za leo, hata hivyo, zinaweza kuuchagua uso mmoja na kuung'arisha peke yake.

Chukua picha ambayo haikosekani katika harusi yoyote: mama ameweka kiganja shavuni mwa binti yake. Mkono na shingo ya binti ni rangi moja. Nikimng'arisha binti peke yake, mkono ule unakuwa wa mgeni. Nimegusa sura yake, kweli, lakini nimegusa pia kitu ambacho si chake peke yake. Sura ni yake; ufanano ni wa watu wawili, na mmoja wao hakuulizwa.

Vipodozi ni habari nyingine. Mara nyingi uso umepakwa poda nyeupe kuliko shingo, na faili ghafi huitunza tofauti hiyo. Siiondoi. Alichagua mwenyewe, na kila mgeni ukumbini aliiona.

Akiwa peke yake kwenye picha, msingi wangu unalegea, nakiri. Hapo namwambia ninavyoona, kisha namwachia. Lakini kwenye picha za pamoja nimeshaamua, na siku hizi nawaambia wateja kabla hawajalipa kianzio: nitauangaza ukumbi wote mpaka kila mtu aonekane vizuri. Mmoja peke yake, hapana.