Kituo ni Ahadi

Mama yangu aliuza mihogo ya kuchemsha katika kituo kidogo cha reli kati ya Morogoro na Dodoma. Treni ilisimama dakika chache tu, na katika dakika hizo ndimo ilimopatikana ada yangu ya shule. Nikiwa mtoto niliamini kwamba waliojenga kituo kile walitufikiria sisi.

Ukubwani nikajua kwamba haikuwa hivyo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Walichotaka ni njia ya kupitishia mazao, bidhaa na askari wao. Gari moshi la mvuke lilikuwa na kiu; halikuweza kwenda mbali bila kuongezwa maji. Tena njia ilikuwa moja, hivyo treni mbili zilihitaji mahali pa kupishana. Haja za mashine ndizo zilizozaa vituo vingi vidogo, si haja za wenyeji.

Hata hivyo watu walikuja. Mmoja alijenga kibanda, wa pili akafungua duka, wa tatu akaoa papo hapo, na baada ya miaka pakawa na makaburi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu sisi mgeni alikuja kwa ratiba, na kweli tulipona.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa reli mpya. Nami nikaipanda. Kwa saa zisizofika nne nilikuwa nimefika, na sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Mgonjwa anayewahi hospitali na mwanafunzi anayewahi mtihani wana haki ya kufurahi zaidi yangu. Nilikaa dirishani nikitafuta kwetu. Kabla sijajua tulipo, tulikuwa tumekwisha kupita. Treni ya umeme haina kiu.

Tangu siku hiyo swali moja halinitoki: je, anayefungua kituo huwa na deni kwa wale wanaokuja kukitegemea?

Msomaji anaweza kunijibu kwamba hakuna deni. Hakuna aliyewaahidi chochote wauza mihogo, na treni haiwezi kusimama kila penye sinia. Hoja hiyo ina nguvu, wala siipuuzi. Lakini ahadi haitolewi kwa kinywa peke yake. Mtu akipita mlangoni pako kila siku kwa miaka mingi, akanunua kwako, amekuzoesha kumtegemea. Ana haki ya kubadili njia. Ila akibadili bila hata kukuaga, kana kwamba hamkuwahi kujuana, amepungukiwa utu.

Kwa hiyo sidai kwamba reli mpya isingejengwa, wala kwamba kila kituo kilichofunguliwa kisifungwe kamwe. Nadai jambo dogo zaidi: kabla ya kupunguza au kuondoa kituo, waulizwe wanaoishi pale, waambiwe mapema, na waachiwe njia nyingine ya kufikia soko. Treni ya zamani bado ina reli yake. Kuendelea kuisimamisha vituoni ni namna moja ya kulipa deni hilo.

Lakini nisiishie kuwanyooshea kidole wengine. Dakika chache za kituo kile ndizo zilizonisomesha hata nikaweza kununua tiketi ya kukipita bila kusimama. Mama amekwisha kufariki. Sinia lake leo linabebwa na mwingine, pengine mwenye mtoto anayedaiwa ada. Kabla ya kuiuliza reli inadaiwa nini, imenipasa kwanza kujiuliza mimi ninadaiwa nini. Safari ijayo nitapanda treni ya zamani, nishuke pale.