Hamu ya Kutazama Msiba

Kutazama maangamizi ya wengine ni hamu ya kale ya binadamu. Nyumba ikishika moto, mwenye ndoo hupenya katikati ya wasio na ndoo, na aghalabu hawa wa pili ndio wengi. Si haki kuwahukumu upesi. Pengine mtu hutazama kwa huruma, pengine kwa hofu, pengine kwa sababu ameshindwa kugeuza uso. Kwamba hamu hiyo ipo, hakuna awezaye kukana. Linalofaa kuulizwa ni kama hamu hiyo ni dhambi juu ya wafu, au kama yaweza, kwa njia fulani, kuwa utumishi kwao.

Mfano mkubwa wa hamu hiyo duniani ni meli ya Titanic, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 pamoja na watu wapatao 1,500. Mwezi mmoja tu baadaye filamu ya kwanza ilionyeshwa Marekani, na mwigizaji wake mkuu, Dorothy Gibson, alikuwa mmoja wa waliookoka. Bibi huyo, yasemekana, aliigiza akiwa amevaa nguo zile zile alizookoka nazo. Zikafuata nyingine mwaka 1943, 1953, 1958 na 1997. Wapenzi wa meli hiyo waliunda chama chao Marekani mwaka 1963. Mwaka 2013 fidla ya kiongozi wa wanamuziki wa melini iliuzwa Uingereza kwa pauni 900,000. Juni 2023 watu watano walikufa ndani ya chombo kidogo cha kuzamia, wakishuka kuyaona mabaki yake chini ya bahari. Hapo hata mvumilivu huinua mkono na kusema kwamba sasa imetosha.

Hoja ya wanaolaumu ina nguvu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Katika Titanic wafiwa wameisha wote, na wa mbali wangali wanalia, tena wanalia kwa kulipa kiingilio. Filamu ya mwaka 1997 ilizidi kuukoroga msiba huo, maana ilitunga mapenzi ya kijana na msichana ambao hawakuwamo melini kamwe. Watu 1,500 walikufa kweli, na machozi ya dunia yakamwendea kijana mmoja ambaye hakupata kuzaliwa.

Filamu hiyo ilipoenea katika mabanda ya video ya Tanzania, iliwakuta watu wa Kagera wana meli yao. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imeondoka Bukoba na kupakia tena Kemondo, ilipinduka asubuhi karibu na Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430 na mizigo, na siku hiyo ilijaa watu na ndizi kupita kiasi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Tume ya Jaji Robert Kisanga ikachunguza. Miili mingi ikazikwa Igoma. Kutoka Nyanga mpaka vijiji vya Muleba ilikuwa shida kupata ukoo usio na mtu wake ndani ya meli ile, au mtu aliyekaribia kuipanda. Na baada ya miezi isiyozidi ishirini na michache, kijana wa mji huo huo aliweza kukaa gizani juu ya benchi, akatazama meli ya Wazungu ikizama, akalia.

Je, alikuwa akimlilia nani? Wako wanaodhani kwamba huo ulikuwa upumbavu, kukodi msiba wa mbali na kuacha wa nyumbani. Lakini machozi hayana cheti cha uraia. Yawezekana kabisa kwamba kijana yule alimlilia shangazi yake, na filamu ilimpa tu ruhusa na giza la kutosha.

Jambo zito zaidi liko kwingine. Mpenzi wa Titanic, huyu anayechekwa kwa kujua idadi ya mashua na ratiba ya chakula cha jioni, amefanya kazi ambayo msiba mwingi haukupata mtu wa kuifanya. Amewatafuta wafu mmoja mmoja. Walter Lord, aliyetoa kitabu chake mwaka 1955, aliwasiliana na waliookoka zaidi ya 60 kabla ya kuandika. Leo mtu akiuliza msafiri fulani wa daraja la tatu alitoka kijiji gani cha Ireland au Lebanon, na alikuwa akimfuata ndugu yupi Marekani, mara nyingi atajibiwa. Kwa udadisi huo yajulikana pia kwamba katika daraja la kwanza waliokoka watu kama sita katika kila kumi, na katika la tatu mmoja tu katika kila wanne. Hiyo ni shutuma, na haikuandikwa na msanii mwenye hasira. Iliandikwa na watu wapendao orodha.

Katika MV Bukoba orodha ilikuwapo kwa abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Basi hesabu ya waliokufa hutajwa kuwa mia nane na zaidi, na wengine hufika elfu, kana kwamba tofauti ya watu mia mbili ni chenji ya sokoni. Jina moja, hata hivyo, lilitafutwa kwa bidii. Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa wakubwa wa Al-Qaeda, alikufa katika meli hiyo, na wenzake wakasafiri mpaka ziwani kuhakikisha kifo chake. Vitabu vingi vya kigeni vinavyoitaja MV Bukoba vinaitaja kwa ajili yake. Kumbe jina la mtu laweza kupatikana majini, akiwapo wa kulihitaji.

Filamu nayo huchagua wa kutazamwa. Ile ya mwaka 1943, ya Ujerumani, ilipigwa kwa sehemu juu ya meli iitwayo Cap Arcona, iliyojifanya Titanic. Tarehe 3 Mei 1945 Cap Arcona yenyewe ilishambuliwa na ndege za Uingereza ikiwa imejaa wafungwa wa kambi za Wanazi, wakafa maelfu. Walioiona katika sinema ni wengi kuliko wanaoujua mwisho wake.

Kuna pingamizi linalostahili heshima. Waweza kusema kwamba watu wa Kagera hawataki msiba wao uchezwe, na kwamba kunyamaza ni adabu. Ni kweli, mfiwa ana haki ya kunyamaza, na asiulizwe sababu. Lakini kimya cha mfiwa na kimya cha daftari si kitu kimoja. Cha kwanza ni heshima, cha pili ni uzembe uliovaa joho la heshima. Na uzembe huo hauishi kwa wafu wa zamani: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa 228, na siku zile za kwanza idadi ya waliopanda ikawa tena ni ya kukisia.

Kwa desturi ya Wahaya marehemu huzikwa katika kibanja, kati ya migomba, karibu na nyumba aliyoijua. Aliyelazwa Igoma bila kutambuliwa, na aliyebaki ndani ya chuma chini ya ziwa, hana mahali hapo. Jamaa yake hatafuti filamu. Huuliza kama jina liliandikwa popote siku ile Kemondo, na kama halikuandikwa, kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.